Maji ya moto kwenye boti: gharama iko wapi

Hita nyingi za boti zimeundwa kwa ajili ya watu wanaotia nanga Norway au Uskoti. Huko maji ya tangini yanaweza kuwa na nyuzi 10, na kuyafikisha nyuzi 40 za kuogea ni kuyapandisha nyuzi 30. Huku kwetu, kuanzia Kilifi hadi Mafia, bahari haishuki sana chini ya nyuzi 25 hata kusi likivuma mwezi wa Agosti, na tangi lililolazwa chini ya sakafu hufuata joto la bahari. Kutoka nyuzi 26 hadi 40 ni nyuzi 14 tu. Mwenye boti asiyeanza na hesabu hiyo hununua hita kubwa mara mbili ya haja yake, kisha akalipia uzito, betri na mafuta miaka yote.

Haja yenyewe ipo. Mgeni aliyepiga mbizi mara mbili mwezi wa Julai, akatoka majini upepo ukimpiga, ataikumbuka safari kwa shawa aliyopewa. Swali ni namna ya kumpa kwa bei nafuu na kwa usalama.

Tuchukue kuoga kwa lita 10, kiasi kinachomtosha mtu anayefunga bomba wakati wa kujipaka sabuni. Joto linalotakiwa ni kama uniti 0.16 za umeme. Nyumbani Tanzania, umeme wa Sh 10,000 kwa mtumiaji wa kawaida hutoa uniti kama 28, hivyo kuoga huko ni Sh 60 hivi. Kwa gesi, ikiwa umejaza mtungi wa kilo 6 kwa Sh 24,000, utatumia gramu 16 au 17, yaani chini kidogo ya Sh 70. Nishati yenyewe, kwa hiyo, ni rahisi. Kinachogharimu ni kuifikisha majini ukiwa umetia nanga mbali na gati.

Kama boti ina injini ya ndani inayopozwa kwa maji matamu yanayozunguka, nakushauri bila kusita uchukue tangi la koili. Maji ya injini, yenye nyuzi kama 80, hupita ndani ya koili na kuyapasha maji ya kuogea bila kuchanganyika nayo. Safari ya saa moja hulifikisha tangi la lita 22 kwenye nyuzi 70, na ukichanganya na maji ya kawaida unapata karibu lita 70 za kuogea: watu saba. Tangi lenye sponji nzuri hushika joto hadi asubuhi. Gharama ya mafuta ni sifuri, kwa sababu injini ilikuwa inakwenda hata hivyo. Ila usiiwashe injini ukiwa nangani kwa ajili ya kuoga tu. Ikinywa lita moja na robo ya dizeli kwa saa, na lita ikiwa Sh 3,000, kila mtu kati ya hao saba ameoga kwa zaidi ya Sh 500, na injini inayonguruma bila kazi hujaa masizi. Tangi lenyewe huko Ulaya huuzwa euro mia kadhaa kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo ukubwa usizidi lita 25.

Mwenye mashine ya kupachika nyuma hana njia hiyo. Wengi wao hufikiria shawa ya umeme ya nyumbani, ile ya plastiki inayofungwa juu bafuni, maana ni rahisi na kila fundi anaijua. Isahau. Shawa ya wati 5,000 ingehitaji zaidi ya ampea 400 kutoka betri za volti 12, na hakuna inveta ya boti ndogo itakayobeba mzigo huo. Kinachowezekana ni tangi dogo lenye elementi ya wati 500 hadi 750, likiwashwa mchana sola ikiwa imeshajaza betri. Kuoga kwa lita 10 hula kama ampea-saa 15, na betri ya lithiamu inalimudu hilo vizuri. Betri ya asidi itazeeka kabla ya wakati.

Hita ya gesi ya papo kwa hapo ndiyo inayoniogopesha. Zinazouzwa madukani zimekusudiwa ukuta wenye hewa, nazo watu huzifunga ndani ya kibanda kilichozibwa kuzuia mawimbi. Moto unaokosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na mtu hufa akiwa bafuni. Gesi ikivuja nayo ni nzito kuliko hewa: hushuka hadi kwenye ngama na kusubiri cheche ya pampu. Isipokuwa umenunua ya boti yenye bomba lake la kuvutia hewa na kutolea moshi nje, na mtungi unakaa sitaha kwenye sanduku linalopumulia baharini, acha.

Kwa boti ndogo ya kutembeza wageni, mfuko mweusi wa lita 20 ulioanikwa juani tangu saa nne asubuhi unatosha kabisa. Jaribu maji kwa mkono kabla ya kumpa mtoto, kwani jua la adhuhuri huyapitisha kiwango.

Kwa walionunua tangi, matunzo ndiyo yanayoamua kama litadumu. Fungisha valvu ya kuchanganya, maana maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi papo hapo. Usiwashe elementi kabla bomba la moto halijatoa maji mfululizo. Ikiwaka kavu imekwisha. Valvu ya usalama ikidondosha matone tangi linapopata moto, iache, wala usiizibe kamwe. Maji ya visima vya Unguja na Mombasa hupita kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo yana chokaa inayoganda juu ya elementi, na yakiwa ya chumvichumvi hutoboa hata chuma kisichoshika kutu. Jaza maji matamu unapoyapata. Boti ikipandishwa pwani kukwanguliwa, ondoa chokaa kwa siki, na kama tangi lina anodi ifungue uitazame: ikiwa imeliwa nusu, weka mpya kabla boti haijarudi majini.