Pamba ya Bt, luseni na njiti ya kiberiti

Bakteria anayelaumiwa kila pamba ya GMO inapotajwa, Bacillus thuringiensis (Bt), ni mkazi wa udongo tangu zamani. Protini yake hutoboa utumbo wa viwavi. Wataalamu walichukua jeni ya protini hiyo wakaipandikiza kwenye pamba, ili funza wa vitumba akitafuna, afe. Kenya iliruhusu kilimo cha pamba hiyo Desemba 2019. Huku kwetu Tanzania hata majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa Novemba 2018. Kwa mkazi wa Buzuruga, Mwanza, basi, jambo hili liko upande wa pili wa ziwa. Lakini udongo wa kulijadili anao hapahapa.

Mwaka 1998 Guenther Stotzky wa Chuo Kikuu cha New York na mwenzake walionyesha kwamba protini hiyo, ikishanata kwenye chembe za mfinyanzi, iliendelea kuua viwavi hata baada ya siku 234. Habari hiyo ilitisha wengi. Iliyosahaulika ni nusu yake ya pili: udongo wenye asidi ndio ulioihifadhi, kwa sababu bakteria wa kuila walikuwa wavivu; asidi ilipopunguzwa kwa chokaa, makali yake yalishuka baada ya siku 35. Sasa linganisha luseni, kichanga cha vilimani wanakolima pamba Wasukuma, na mbuga nyeusi ya mabondeni. Luseni huelekea asidi zaidi. Jibu la shamba moja si jibu la jirani yake.

Kuhusu viumbe wenyewe, timu ya Stotzky ilipima udongo wa mahindi ya Bt mwaka 2001: minyoo, bakteria na kuvu hawakutofautiana kwa kiasi cha maana na wa mahindi ya kawaida. Baadaye iligundua kuwa mizizi ya pamba, tofauti na ya mahindi, haiimwagi protini hiyo. Njia iliyobaki ni majani na miti inayoozea shambani.

Na miti hiyo kwetu haiozi. Kila mwaka baada ya mavuno mkulima hutakiwa kuing'oa na kuichoma, ili wadudu wasipate pa kujificha. Sababu ni nzuri, ila naitrojeni na salfa huenda na moshi. Majivu hubaki na potasiamu na sehemu kubwa ya fosforasi. Kwa maoni yangu, kiberiti cha kuchomea miti hiyo kimekwishabadilisha luseni zaidi kuliko jeni yoyote itakavyoweza. Hasara hiyo inaweza kufidiwa: watafiti wa Ukiriguru, Misungwi, walionyesha tangu enzi za mkoloni kwamba samadi huongeza pamba, na faida yake hudumu misimu kadhaa. Samadi ipo zizini. Kazi ni kuifikisha kilimani.