Malaria ya Ubongo: Rangi Inayoonyesha Mshipa Ulioziba

Mada yetu leo ni malaria ya ubongo, na jinsi rangi inayong'aa ilivyowasaidia madaktari kuona kile ambacho ugonjwa huu hufanya ndani ya kichwa cha mtoto.

Huenda mama mmoja anasema, "Kwetu ni baridi, malaria ni ya watu wa ziwani." Mama, kumbuka kwamba katika miaka ya 1990 milipuko ya malaria iliwalaza wengi katika mashamba ya chai ya Kericho. Huku juu hatuumwi na mbu mara kwa mara, kwa hivyo miili yetu haijazoea malaria. Ikija, hata mtu mzima anaweza kuzidiwa haraka. Tena wengi wetu huteremka Muhoroni, Ahero au Kisumu kuwaona jamaa, na kule mbu wa malaria ni wengi.

Je, malaria hufikaje kwenye ubongo? Mbu huacha mwilini vimelea vidogo sana, ambavyo baadaye huingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe iliyoingiliwa huanza kunata. Ikifika katika mishipa myembamba ya ubongo, hujishikiza kwenye chembe zinazofunika ukuta wa ndani wa mshipa. Zikishikana nyingi, damu hukwama kama maji katika mtaro uliojaa majani. Ukuta nao hudhoofika, maji huvuja, ubongo huvimba. Hapo ndipo mtoto hupata degedege au hupoteza fahamu.

Madaktari hawawezi kufungua kichwa cha mtoto ili watazame. Lakini nyuma ya jicho kuna mishipa inayofanana sana na ile ya ubongo. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwadunga watoto wenye malaria ya ubongo rangi iitwayo floresini, wakapiga picha ndani ya jicho. Rangi hiyo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Matokeo yalitolewa mwaka 2009: palipopita damu paling'aa, mishipa iliyoziba ilibaki giza, na mahali pengine rangi ilivuja nje. Mwaka 2015, utafiti mwingine wa huko huko kwa mashine ya picha ya MRI ulionyesha kwamba wengi wa watoto waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba sana.

Mama, usiende kituoni kuomba rangi hiyo. Kujua kama ni malaria, tone la damu kutoka kidoleni linatosha. Jambo la kushika ni hili: mishipa huziba kimya kimya, na kila saa unayongoja nyumbani inampunguzia mtoto nafasi ya kupona.

Mtoto akiwa na homa, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Kimbia naye hospitalini ukiona moja ya dalili hizi:

1. Anapata degedege.
2. Analala mno, haamki vizuri au hakutambui.
3. Hawezi kunyonya wala kunywa.
4. Anatapika kila kitu.
5. Anapumua kwa shida.

Akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu na umlegeze nguo. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimpe dawa ya kumeza kama hana fahamu. Hospitalini atapewa dawa ya sindano, artesuneti, na atapimwa magonjwa mengine kama homa ya uti wa mgongo, maana si kila degedege ni malaria. Mweleze mhudumu kama mtoto alisafiri majuzi.

Mlaze mtoto ndani ya neti yenye dawa kila usiku, na msisahau kuibeba mnaposafiri.

Mwambie na jirani yako mnayechuma naye chai.