Karata Zilizofutika: Je, Mrekebishaji wa Picha za Taroti ni Mhakiki?

Nilipomwambia mwenzangu wa chumbani kwamba naandika makala juu ya karata za taroti, alinitolea macho. "Umeanza kupiga ramli?" La hasha. Sikusudii kumtabiria mtu matokeo ya mtihani. Nakusudia kueleza kazi inayofanywa na watu wachache huko Ulaya na Marekani: kuchukua picha za karata za karne nyingi zilizopita, zilizochakaa na kufifia, na kuzirudishia sura ili msomaji wa leo aweze kuzishika mkononi na kuzisoma. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ni uhakiki wa matini, hata kama anayeifanya anashika brashi badala ya kalamu. Nina sababu yangu binafsi ya kulileta suala hili humu. Nitaifikia.

Kwanza tufagie uwanja. Taroti ilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, na ilianza kama mchezo tu. Seti kamili ina karata 78. Kati ya hizo, 56 ni za aina nne, yaani vikombe, panga, sarafu na magongo. Zilizobaki 22 ni za picha: Mjinga, Mfalme, Mauti, Ibilisi, Mnara, Jua na wengineo. Habari ya utabiri ilishika nguvu baadaye sana, baada ya Mfaransa Antoine Court de Gébelin kudai mwaka 1781 kwamba karata hizi ni kitabu cha hekima cha Wamisri wa kale. Ushahidi hakuwa nao. Mwanafalsafa Michael Dummett, katika The Game of Tarot (1980), aliirudisha historia hii mezani kwa wachezaji, mahali pake.

Na sisi tusijione tuko mbali na meza hiyo. Hebu wasikilize wazee wanaocheza karata barazani: kopa, shupaza, uru, pao. Maneno haya tumeyapata kwa Wareno. Copas ni vikombe, espadas ni panga, ouros ni dhahabu, paus ni magongo. Ni zile zile aina nne za taroti! Lakini karata tunazochezea zina alama za Kifaransa, kwa hiyo mzee anapopiga meza na kutamka "kopa", machoni mwake mna moyo mwekundu ilhali mdomoni mwake mna kikombe. Picha ilishabadilishwa, neno likabaki. Hata "turufu" ina undugu na jina ambalo Waitaliano wa karne ya 15 walizipa zile karata za picha, trionfi. Nilipoligundua hili nilicheka peke yangu maktaba, nikaangaliwa vibaya.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Seti iliyonivutia zaidi ni ya Jean Noblet, fundi wa karata wa Paris wa katikati ya karne ya 17. Imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, nayo ina pengo: karata za panga kuanzia sita mpaka kumi hazipo. Mfaransa Jean-Claude Flornoy, aliyefariki mwaka 2011, aliichora upya seti hii mstari kwa mstari, akaitoa kwa ajili ya watumiaji wa leo. Zile tano zilizopotea ilibidi azibuni.

Ugumu wake ni upi? Karata za zamani zilichapwa kwa ubao uliochongwa, kisha rangi zikapakwa kwa kupitisha brashi juu ya karatasi iliyokatwa matundu. Karatasi ikisogea kidogo, nyekundu ya joho inamwagikia mkono. Ubao nao huchoka, ukingo wake unavunjika, na fundi mwingine akija kunakili hajui kama huu ni mstari au ufa. Je, mrekebishaji anapoukuta mkono mwekundu, ausafishe au auache? Mwenye kupenda mafumbo atasema wekundu ule ni ishara. Mimi ningesema fundi alikuwa na haraka ya kwenda kula. Lakini tazama: mimi na yeye sote tumeshatoa tafsiri kabla ya brashi kugusa karatasi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kurekebisha ni kazi ya mikono tu, na kwamba kufasiri kunakuja baadaye.

Mfano ulio wazi zaidi ni karata ya 13, Mauti. Katika seti nyingi za mtindo wa Marseille zilizofuata, karata hii haina jina, ina namba tu. Kuna waliojenga nadharia nzito juu ya ukimya huo, eti kifo hakitajwi. Kwa Noblet, jamani, jina limeandikwa: LA MORT. Mjinga naye ana mkasa wake. Noblet anamwita LE FOU, Jean Dodal wa Lyon mwanzoni mwa karne ya 18 anamwita LE FOL, na Nicolas Conver wa Marseille, katika seti yenye tarehe ya 1760, anamwita LE MAT. Tena kwa Noblet utupu wake uko wazi bila haya, lakini kwa Conver umefunikwa. Njiani kuna mtu aliyemvalisha. Aliyezoea kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja ataitambua hali hii mara moja.

Kuna njia mbili za kufanya kazi. Flornoy alishika seti ya fundi mmoja. Alejandro Jodorowsky na Philippe Camoin walikwenda njia nyingine: walilinganisha seti nyingi, wakachukua kutoka kila moja kile walichoamini kimepotea kwa nyingine, wakatoa seti yao mwaka 1997. Ni nzuri kwa macho, sikatai. Ila ni seti ambayo hakuna fundi aliyewahi kuichapa. Ni kama kutafuta mama wa hati zote kisha kumzaa mwenyewe.

Mfano wa mwisho ndio ulioninyima usingizi. Seti ya Visconti-Sforza ilichorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu huko Milano, katikati ya karne ya 15. Zimebaki karata 74, nyingine katika maktaba ya Morgan jijini New York, nyingine Bergamo. Nne hazipo: Ibilisi, Mnara, mpanda farasi wa sarafu, na tatu ya panga. Ukinunua nakala ya kisasa utazikuta zote 78, kwa kuwa mnunuzi hataki seti pungufu. Ibilisi huyo ni wa juzi. Na haijathibitika kwamba seti ile iliwahi kuwa na Ibilisi hata siku moja!

Basi niseme langu. Mwaka jana, kwa zoezi la darasa, nilinukuu utenzi kutoka daftari la bibi yake rafiki yangu, lililoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mchwa walikuwa wamelila pembeni na katikati. Katika mstari wa tatu wa ubeti mmoja palikuwa na tundu. Nilihesabu mizani, nikaona zimepungua mbili, nikatia "moyo". Ilikaa vizuri mno. Sikuweka mabano wala tanbihi, kwani nilijiambia kwamba msomaji anataka ubeti mzima. Kazi iliporudi, mhadhiri alikuwa amelipigia mstari neno hilo hilo na kuandika pembeni kwamba uteuzi wa msamiati wa mshairi ni wa hali ya juu. Nilizichukua alama, nikanyamaza.

Yule bibi hakumbuki neno lake. Nilimwendea wakati wa likizo, nikamsomea ubeti. Akasikiliza, akasema "labda", akaniuliza kama nimekula.

Mhadhiri ataisoma makala hii, najua. Nakala mpya nimeshamwandalia. Mahali pa "moyo" nimeweka mabano yenye nukta mbili, na mstari una mizani sita.