Matunzo ya Mitambo ya Chama Kabla Haijaharibika

Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi haina budi kumenywa siku hiyo hiyo; ikilala ndani ya magunia huanza kuchacha na ubora wake hushuka. Kadhalika, trekta lisilotoka bandani mvua za Novemba zinapoanza humchelewesha mkulima kupanda. Kwa hiyo mtambo wa chama unaposimama katikati ya msimu, hasara yake si bei ya kipuri tu, bali humfikia kila mwanachama aliyeutegemea.

Mfano mkubwa tunao karibu. Reli ya TAZARA, ipitayo Tunduma, ilikabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976, ikikusudiwa kuchukua tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Katika mwaka 2014/15 ilichukua chini ya tani 100,000. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini mojawapo ni uchache wa vichwa vya treni vilivyo vizima, kwa kuwa fedha za matengenezo zilikosekana. Mizigo ilikuwapo, ila ilipita barabarani kwa malori.

Matunzo ya kinga maana yake ni kuuhudumia mtambo kwa kufuata saa ulizofanya kazi, wala si kungojea uharibike. Oili ya injini huchoka na kuchafuka. Ikiachwa, vyuma husagana. Chujio la hewa likiziba, injini hukosa pumzi na kutoa moshi mweusi. Likipasuka, vumbi huingia na kula silinda. Chujio ni la bei ndogo, lakini kufungua injini nzima kwaweza kumaliza akiba ya chama.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, dereva apime oili trekta likiwa mahali tambarare, atazame maji ya rejeta injini ikiwa baridi, asafishe chujio la hewa, akaze nati zilizolegea na kutia grisi. Oili ya injini ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa matrekta mengi ni kila saa 250 au karibu na hapo. Penye vumbi jingi muda huo upunguzwe.

Mashine ya kumenya kahawa yataka kurekebishwa nafasi yake: ikibana mno huvunja punje, ikilegea huziachia na maganda. Msimu ukiisha ioshwe, ikaushwe, ipakwe grisi, na mikanda ilegezwe. Mashine ikaguliwe na vipuri vinunuliwe kabla uvunaji haujaanza. Trekta nalo lihudumiwe wakati wa kiangazi.

Ndugu Katibu, kazi hii haiwezi kuachiwa fundi peke yake. Kila mtambo uwe na daftari lake, lionyeshe tarehe, saa za kazi, mafuta na oili iliyotiwa, kasoro zilizoonekana na jina la aliyehudumia. Daftari hilo lisomwe mbele ya Bodi kila mwezi. Aidha, katika malipo ya kila ekari inayolimwa, sehemu itengwe kwa ajili ya matengenezo, wala isiguswe kwa shughuli nyingine.

Wanachama nao wana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu: daftari liko wapi, na akiba ya vipuri ni kiasi gani? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.