Kawi ya mvuke yahitaji mafundi, si vibarua tu

KILA panapozungumzwa ajira katika uchumi unaojali mazingira, vijana huonyeshwa mitambo: paneli za sola, vinu vya upepo, mabomba ya mvuke ya Olkaria. Aghalabu hawaelezwi ni nani huiendesha, wala alifunzwa wapi.

Kisa cha Olkaria, karibu na Naivasha, kinaeleza mengi. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, ukiwa wa megawati 15 pekee. Leo mitambo ya mvuke nchini ina uwezo wa zaidi ya megawati 900. Kati ya hatua hizo mbili kuna kazi ya darasani isiyoonekana. Kwa miongo kadhaa, Kenya imewatuma wanajiolojia na wahandisi nchini Iceland kwa kozi ya miezi sita ambayo ilianzishwa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Zaidi ya Wakenya 100 wameipitia. Mnamo 2005 kozi fupi zilianza kutolewa papa hapa nchini, na baadaye Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kikaanzisha taasisi ya taaluma hiyo. Ujuzi huo ndio ulioiwezesha KenGen kupata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti.

Hao, hata hivyo, ni wasomi wa ngazi ya juu. Kisima cha mvuke huweza kushuka kilomita tatu, ambako joto hupita nyuzi 300 za selsiasi. Uchimbaji ukishaanza hauna usiku wala mchana. Makundi hupokezana zamu. Panahitajika anayeunganisha mabomba ya kuchimbia, anayechunga maji na tope la kupozea kekee, na mchomeleaji ambaye viungo vyake vitastahimili shinikizo la mvuke. Kazi hizi hazidai shahada, lakini kosa la mmoja laweza kumuunguza mwenzake.

Hapo ndipo penye pengo. Kijana wa kidato cha nne anayeishi jirani na visima huitwa wakati wa ujenzi: kuchimba mitaro, kubeba saruji, kulinda vifaa. Ujenzi ukiisha naye huaga, kwani mtambo uliokamilika huendeshwa na watu wachache wenye vyeti. Kozi za ufundi huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, takriban muda uo huo wa kujenga mtambo. Anayesubiri uzinduzi ndipo ajiandikishe amekwisha kuchelewa.

Wala mchomeleaji aliyehitimu hafungwi na Olkaria. Viwanda vya chai na sukari navyo vina mabomba ya mvuke, na huyatengeneza kila mwaka.