Mirija ya hospitali: Si kila utelezi hufukuza damu

WAFANYABIASHARA wanaoagiza mirija ya mkojo na ya damu wanapaswa kuelewa kwamba sifa ya "kuteleza" ina maana mbili tofauti. Anayezichanganya huweza kulipia asichopata.

Maana ya kwanza ni ya siku nyingi. Mrija hupakwa utando unaonyonya maji, na ukiloweshwa hupita bila kumchubua mgonjwa. Kampuni ya Astra ya Sweden ilitoa mrija wa aina hiyo, LoFric, mwaka 1983. Utando huo hupunguza msuguano tu.

Maana ya pili ni kufukuza majimaji. Wakulima wa Kisondela, wilayani Rungwe, huona mfano wake kila mvua inaponyesha. Matone hujiviringisha juu ya jani la gimbi na kudondoka, jani likabaki kavu. Jani hilo lina vinundu vidogo mno vyenye nta, ambavyo hunasa hewa chini ya tone. Hata hivyo, hewa hiyo hutoka ikikandamizwa, na mafuta au damu hupenya kwa urahisi kuliko maji. Kwa hiyo mbinu ya gimbi peke yake haifai ndani ya mrija wa damu.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, wakiongozwa na Joanna Aizenberg, waliweka kilainishi cha majimaji mahali pa hewa. Waliiga mmea wa Nepenthes, ambao ukingo wake wenye unyevu huwatelezesha wadudu hadi ndani ya kikombe chake.

Mwaka 2014 Aizenberg na Donald Ingber, pamoja na wenzao, walitangaza hatua iliyofuata. Mirija iliyopakwa kilainishi chenye florini iliunganishwa na mishipa ya nguruwe. Damu ilipita kwa saa 8 bila kuganda na kuziba mirija, na bila heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo huweza kusababisha mgonjwa kuvuja damu. Katika maabara, bakteria nao walishindwa kung'ang'ania.

MTAJI UKO WAPI?

Mwekezaji mdogo asikimbilie. Kampuni iliyotokana na utafiti huo, sasa Adaptive Surface Technologies, ilianza kama kampuni binafsi, na miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo ilikuwa rangi ya kuzuia viumbe wa baharini kung'ang'ania vyombo. Kutoka kwa nguruwe hadi wodini ni safari ndefu na ya gharama.

Aidha, kilainishi huweza kupungua kadiri majimaji yanavyopita. Tatizo jingine ni malighafi. Kemikali nyingi za florini hazioezi, na kampuni ya 3M ilitangaza Desemba 2022 kwamba ingeacha kuzitengeneza ifikapo mwisho wa 2025.

Muuzaji wa Tukuyu anayeletewa mirija "isiyoshika damu wala vijidudu" aulize mambo matatu: usajili wa TMDA, aina ya utando, na majaribio yaliyofanyika kwa binadamu. Mrija wa mpira uliopakwa silikoni, ulio wa kawaida sokoni, usihesabiwe katika kundi hilo.

Bila usajili, asinunue. Bila ushahidi, asilipe zaidi ya bei ya mrija wa kawaida.