Alama ya X Ndani ya Seli: Kansa ya Mlango wa Kizazi Huanzaje?

Ikiwa uliishi Ruiru au Thika wakati barabara kuu ya kwenda Nairobi ilipokuwa ikipanuliwa, kati ya 2009 na 2012, utakumbuka alama ya X kwenye kuta. Jengo lililopakwa alama hiyo lilikuwa la kubomolewa.

Seli za mwili wako nazo zina alama yao: protini ndogo iitwayo ubikwitini. Vimeng'enya vya aina tatu huibandika. Cha kwanza huiamsha, cha pili huibeba, na cha tatu huchagua protini ya kubandikwa. Mara nyingi protini hiyo huvunjwavunjwa. Lakini si kila alama ni ya kubomoa. Nyingine huwaita mafundi mahali DNA ilipoharibika.

Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake. DNA ikiwa na kasoro, protini iitwayo p53 husimamisha kazi hadi irekebishwe, au huiamuru seli ife. Wakati wa amani p53 hubandikwa ubikwitini na kupunguzwa. Hatari ikizuka, huachwa iongezeke.

Hapa ndipo virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na 18, huingilia. Virusi hivi huambukizwa kwa ngono. Protini yao, E6, hukishika kimeng'enya cha seli na kukifanya kiibandike p53 hata inapohitajika. Mlinzi akishaondolewa, kasoro hunakiliwa na kurundikana. Miili ya wengi huvishinda virusi hivi, lakini vikidumu kwa miaka mingi, kansa ya mlango wa kizazi yaweza kutokea.

Je, kuna kinga? Ndiyo, na Thika ilichangia kuithibitisha. Kuanzia 2018, watafiti wa KEMRI na wenzao waliwafuatilia wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 katika Thika, Nairobi na Kisumu. Miongoni mwa wale ambao hawakuwa wameambukizwa aina ya 16 na 18, dozi moja tu ya chanjo ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi ya kudumu ya aina hizo, hata baada ya miaka mitatu. Mnamo Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 20. Anayeishi na virusi vya ukimwi huhitaji dozi zaidi.

Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mwaka wa 2019. Mzazi, usingoje binti yako akue. Chanjo huzuia virusi visiingie, haiviondoi vilivyokwisha kuingia. Nawe mama uliyefikisha miaka 25, nenda hospitalini ukapimwe, hata kama umechanjwa. Dalili za mwanzo hazina maumivu, na zikigunduliwa mapema hutibika kabla hazijawa kansa.